Blanketi la Chimbuya

1

Mara ya kwanza kuona kijani cha kweli Chimbuya nilikuwa na miaka hamsini na miwili, na sikukiamini. Nilishuka kwenye baiskeli, nikainama, nikalishika lile jani kwa vidole viwili kama mtu anayepapasa kitambaa dukani akijua hana nia ya kununua. Lilikuwa pana, limenona, lina unyevu. Hatua ishirini kutoka pale, mimea ile ile iliyopandwa siku ile ile ilikuwa mifupi na ya manjano, imejikunja.

Jina la Blanketi tulilitoa wenyewe. Kwenye magunia ya mbegu, Kituo cha utafiti wa kilimo kilichotuletea kilikuwa kimeandika herufi na tarakimu ambazo hakuna aliyejishughulisha nazo. Ni jamii ya fiwi, mmea unaotambaa na kufunika ardhi yote, lakini haukuletwa ili uliwe. Uliletwa ulale juu ya udongo wetu, uukinge na jua na upepo, na huko mizizini uulishe naitrojeni inayovutwa kutoka hewani. Msimu wa kwanza unauacha ukauke na kuoza pale pale. Msimu wa pili unapanda uwele juu ya mabaki yake. Watu wa Chimbuya, ambao hawajawahi kukosa la kusema hata wakiwa na midomo mikavu, walisema Kituo kimetuhurumia kweli, kimetuletea blanketi jua likiwa utosini.

Mimi ndiye mpima udongo wa kijiji. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu nilifika kidato cha sita, na kwa sababu kaka yangu Lameki ndiye mwenyekiti, na nani asiyejua mambo yanavyokwenda. Chombo changu ni fimbo ya chuma inayonifika kifuani. Ukiichomeka ardhini inakunong'oneza namba sikioni: unyevu, chumvi, naitrojeni, fosforasi, potasi, kaboni, chokaa. Kwa miaka minne ilikuwa imeninong'oneza habari za msiba tu. Udongo wetu ulikuwa umekufa. Juu ulikuwa na gamba gumu lililolia chini ya kiatu, na chini ya gamba kulikuwa na vumbi jekundu lisilo na hata mchwa.

Mwisho wa Aprili Kituo kingekuja na fimbo zao kupima ekari kumi na mbili za majaribio. Zikifika thelathini kwa jumla ya alama zao, tunabaki. Zikishindwa, watu mia tatu na sita tunapakiwa kwenye mabasi kwenda Mabanda ya pwani, kama vijiji vinne vya jirani vilivyotutangulia. Waliokwenda huko waliandika barua mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili hakuna aliyeandika.

Na tulikuwa tunashindwa. Fiwi anaweza kujitafutia naitrojeni hewani, lakini fosforasi haiko hewani. Lazima aikute ardhini, na asipoikuta, vile vinundu vya mizizini vinabaki vyeupe, havina kazi. Tuliahidiwa malori sita ya unga wa mwamba wenye fosforasi. Barabara ilifukiwa na mchanga mwezi wa kumi na moja, na malori yakaishia kwenye simu.

Ndiyo maana lile jani nililishika nikiwa na mashaka. Nilikipasua kinundu kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama fizi ya mtoto, maana yake kilikuwa hai na kilikuwa kazini. Nikachomeka fimbo, ikasema fosforasi kumi na tisa. Nikarudi hatua ishirini, nikachomeka tena, ikasema mbili.

Nilipanda ngazi ya tangi la maji nitazame shamba lote kutoka juu. Kwenye ule umanjano kulikuwa na miduara tisa ya kijani, mikubwa na midogo, imetawanyika bila mpango. Nilicheka peke yangu juu ya tangi. Yalikuwa mazizi. Ng'ombe wa mwisho wa Chimbuya alikufa kabla sijaota meno ya utu uzima, miiba ya maboma ilishaliwa na moto, lakini kila mtu wa rika langu alijua palipokuwa na zizi la nani.

2

Habari ilienea kijijini kabla sijafika chini ya ngazi. Samadi. Samadi ya ng'ombe wa babu zetu, imelala ardhini karibu nusu karne ikitungoja. Na Blanketi, kama tulivyofundishwa na Dokta Msemwa wa Kituo, limetengenezwa likiwa na pua mizizini. Linanusa fosforasi iliyo mita tatu chini, linaifuata, linatema asidi na kuiyeyusha. Kisha nyuzi za kuvu zinazoishi kwenye mizizi zinaipokeza kwa mimea jirani, nayo inaipokeza kwa jirani zake, mpaka shamba zima lile. Kilichotakiwa ni mahali pa kuanzia, na ng'ombe walikuwa wametupatia.

Wiki tatu zilizofuata ile miduara ilitanuka kama mafuta yanavyotambaa kwenye karatasi. Watu walikuwa wakija jioni kabla jua halijazama kutazama tu. Mzee mmoja aliyekuwa ametugomea kupanda alikuja akasimama kando, akasema kwa sauti ya kutosha kusikiwa kwamba tangu mwanzo yeye alisema mmea huu ni mzuri. Walimcheka hadi akacheka mwenyewe.

Bibi Loyi ndiye aliyefurahi kuliko wote. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, mwembamba, ana sauti ya kuitia watu ng'ambo ya korongo. Alizunguka zizi la pili akiwaimbia ng'ombe kwa majina yao, yule wa mabaka, yule wa pembe moja, yule aliyemkanyaga shemeji yake siku ya harusi. Tulipiga makofi. Nami niliimba, na sauti yangu si ya kuimbia mbele za watu.

Lazima nieleze jambo moja kuhusu Bibi Loyi. Mwaka wa Vumbi, miaka arobaini na mitano iliyopita, alitembea kwenda mjini kutafuta unga, akamwacha binti yake Mbeleje kwa mama mkwe. Mbeleje alikuwa na miaka mitano, mimi saba, tulicheza pamoja. Loyi alipigwa na homa mjini, akarudi baada ya miezi minne. Aliambiwa kuwa magari ya maji yalikuja, yakawabeba watoto, wazee na wagonjwa kwenda kambini. Kambi gani, hakuna aliyejua. Ndivyo familia nyingi zilivyoambiwa, na sisi pia. Mama yetu alipanda gari hilo. Lameki alinisimulia mara nyingi jinsi mama alivyosimama nyuma ya lori akinipungia mkono, nami nikiwa nimelala.

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa gari la maji linapokuja, Bibi Loyi huoga, huvaa khanga safi, husimama barabarani kutazama nani anashuka. Huwa anashuka dereva. Bibi Loyi humsalimia, humwuliza habari za njiani, kisha hurudi kwake. Vijana walishamzoea. Hakuna aliyemcheka, na Chimbuya hilo si jambo dogo.

3

Kilichonisumbua ni namba. Samadi haiji peke yake, huja na ndugu zake: potasi, kaboni, wadudu wadogo wa kila aina. Fimbo ilinipa fosforasi na chokaa tu. Nilipima mazizi yote tisa, jibu likawa lile lile. Nilijiambia kuwa huenda upepo umebeba mengine na kuacha mazito. Lakini mwanafunzi wa kidato cha sita aliyebaki ndani yangu alikataa kunyamaza.

Ijumaa iliyobakiza wiki tatu kabla ya kupimwa, saa saba mchana, watu wakiwa wamejificha jua majumbani, nilichukua sururu nikaenda zizi la pili. Nilifunua majani, nikakata gamba, nikachimba polepole nisiumize mizizi. Hapakuwa na samadi. Kulikuwa na vumbi lile lile jekundu, na mizizi iliyozidi kuwa minene kadiri nilivyoshuka, nayo yote ikielekea mahali pamoja. Kufika kina cha mkono mmoja nikaacha sururu, nikaendelea kwa vidole.

Mizizi ilikuwa imesukana ikawa kama kikapu cheupe. Nilifikiri ni fundo la kawaida mpaka nilipopangusa vumbi lote. Kikapu kilikuwa na mbavu. Kulikuwa na mviringo wa kichwa, na ndani yake hamna kitu, kwa kuwa mfupa ulikuwa umekwisha kuyeyuka na mizizi ndiyo iliyobaki imeshika umbo lake. Umbo lilikuwa la mtu mzima, limelala ubavu. Kifuani pake palikuwa na umbo dogo lililojikunja, na mkono wa lile kubwa ulipita juu ya lile dogo.

Kwenye kifundo cha mkono mdogo kulikuwa na waya wa shaba uliogeuka kijani. Ulikuwa na shanga za buluu na nyeupe, na katikati kizibo cha soda kilichopondwa kikawa bapa. Niliujua. Loyi alitusukia bangili mbili zinazofanana, moja yangu, moja ya Mbeleje. Yangu niliipoteza korongoni, nikamnyang'anya Mbeleje yake, nikachapwa, nikamrudishia.

Nilikaa chini palepale na jua likinichoma shingo. Nilihisi haya, kwa sababu nilikumbuka nyimbo tulizoimba mahali pale na makofi tuliyopiga. Niliitoa bangili taratibu, nikafukia, nikarudisha majani yakae kama yalivyokuwa. Mikono yangu ilifanya kazi hiyo vizuri sana, na mpaka leo huwa naishangaa.

4

Lameki nilimkuta ofisi ya kijiji akibadilisha ngozi ya pampu, miguu mitupu, miwani ikiwa imeshuka puani. Niliiweka bangili juu ya meza bila salamu. Aliitazama, kisha akanitazama mimi, na kutokana na jinsi alivyochelewa kuuliza ni nini, nikajua kwamba anajua.

"Zizi la pili," akasema. "Mama mkwe wake Loyi na yule mtoto. Tuliwaweka pamoja maana tulishindwa kuwaachanisha."

Alinieleza akiendelea kufuta mafuta mikononi kwa kitambaa, ingawa mikono ilikwisha kuwa safi. Magari ya maji hayakuja kamwe mwaka ule. Watu mia moja na kumi na watatu walikufa kwa miezi mitatu. Waliobaki na nguvu ya kushika jembe walikuwa wazee wanne na yeye, mwenye miaka kumi na miwili. Ardhi ilikuwa jiwe. Mahali pekee palipokubali jembe la mtu mwenye njaa ni ndani ya mazizi, kwa sababu ya ulaini wa samadi, ambayo upepo ulikuja kuipeperusha baadaye. Zamani mwenye boma alizikwa zizini, ilikuwa heshima yake, kwa hiyo wazee walijifariji kwamba si aibu kamili. Lakini hawa walizikwa bila sanda, bila kilio, watatu watatu, watoto juu ya watu wazima. Walipomaliza, wazee wakamwapisha kwamba watu wakirudi wataambiwa habari ya lori. Walisema lori linaweza kurudi, na mtu anaweza kuishi akilingoja.

"Na mama?"

"Zizi la tatu. Karibu na mlango."

"Uliniambia alinipungia mkono."

"Ulikuwa na miaka saba, Eseri. Ulikuwa unakataa kula."

Sikumpiga. Nilitaka. Nilikumbuka mama akigawa uji wa magome katika vikombe viwili, akisema yeye ameshiba, sisi tule. Kila siku alikuwa ameshiba. Hata tukiwa watoto tulipaswa kujua kwamba hakuna mtu wa kushiba siku zile, lakini tulikunywa.

Lililobaki alilisema bila kuulizwa. Malori yalipokwama, Dokta Msemwa alimpigia simu akitaka kujua kama kuna mahali popote penye fosforasi, hata kidogo. Lameki alimwuliza kama Blanketi linaweza kula mfupa. Dokta akamwambia mmea haujui tofauti ya mfupa na mwamba, na kwamba mfupa ndio mzuri zaidi. Kaka yangu alikaa na jibu hilo kwa wiki nzima. Kisha siku ya kupanda akatoka na gunia, akapanda mazizi tisa kwa mkono wake mwenyewe.

Nilimwambia watu lazima waambiwe. Akasema waambiwe, ila baada ya kipimo. Nikamwuliza baada ya kipimo ndiyo lini, maana baada yake kuna kupanda, na baada ya kupanda kuna kuvuna, na siku ya kuvuna Bibi Loyi atamla binti aliyemzaa bila kujua. Hapo ndipo alipoinua sauti kwa mara ya kwanza.

"Ukiwaambia leo, kesho watang'oa. Kila mtu atataka wake amzike vizuri, na nani atawalaumu? Tutazika vizuri sana wafu mia moja na kumi na watatu, halafu walio hai mia tatu na sita wapande mabasi. Mwenye njaa hana miiko. Mimi nililijua hilo nikiwa na miaka kumi na miwili."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, kaka."

"Kifo kilishaniumbua," akasema. "Chagua wewe. Mimi nimechoka kuchagua."

Nilichukua bangili nikatoka. Ubaya wake ni kwamba hesabu zake zilikuwa sahihi. Nilikuwa nimepima asubuhi hiyo hiyo. Ukiondoa mazizi, ekari zetu zisingefika hata kumi na tano.

5

Nilitembea na ile bangili mfukoni wiki nzima. Nilipima, niliandika, nilisalimiana na watu. Mara mbili nilifika mlangoni kwa Bibi Loyi, mara mbili nikazungumzia mambo ya mvua. Niliamua kunyamaza, kisha nikaamua kusema, kisha nikaamua kunyamaza tena, na kila uamuzi ulikuwa na sababu zake nzuri.

Ijumaa gari la maji likaja. Nilikuwa nimeshika zamu ya kupanga foleni ya madumu. Bibi Loyi alikuwa amesimama mahali pake, ameoga, amevaa khanga ya zambarau iliyopigwa pasi. Dereva akashuka. Bibi Loyi akamsalimia, akamwuliza habari za njiani, akageuka kurudi kwake. Ningeweza kuvumilia kila kitu isipokuwa ile pasi. Hatuna umeme wa kuchezea Chimbuya, anatumia makaa, anaamka kuyawasha kwa ajili ya hiyo khanga tu.

Nilimfuata, nikamshika mkono, nikaiweka bangili kiganjani mwake.

Hakuuliza ni ya nani. Aliigeuza akaikuta alama ya nyundo nyuma ya kizibo, akaipitishia kidole gumba. Nilimweleza yote pale barabarani: mazizi, wazee, lori ambalo halikuja, mizizi. Nilisema vibaya, nikianzia katikati na kurudi nyuma, na nililia mimi kabla yake.

"Alikuwa peke yake?" akauliza.

"Hapana, Bibi. Alikuwa na bibi yake. Alikuwa amemkumbatia."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu kama mtu anayekubaliana na bei. Kisha akatembea moja kwa moja hadi zizi la pili, akavua ndara, akaitandika ile khanga safi juu ya majani, akaketi. Akafungua kinywa akapiga ukunga.

Kwetu ukunga ukipigwa hakuna anayeuliza kwanza. Unaacha chungu motoni, unaacha dumu bombani, unakwenda. Walikuja wote, wanawake wakifunga khanga viunoni huku wakikimbia, na kila aliyefika aliuliza nani amekufa.

"Mbeleje," alijibu Bibi Loyi. "Mwanangu Mbeleje amekufa."

Walidhani akili zimemruka, hata mmoja akanong'ona aletewe maji. Kisha Lameki akafika. Alisimama nje ya duara la kijani, akaitazama bangili, akanitazama mimi. Sikuona hasira usoni mwake, niliona tu mzee. Akasema, "Mbukwenyi, ndugu zangu," kwa salamu ya kwetu anayofungulia mikutano, na wachache wakaitikia kwa mazoea. Akaanza kutaja majina.

Alikuwa anayakumbuka yote mia moja na kumi na matatu. Alitaja jina, akataja zizi, akataja upande. Mlangoni. Kwenye jiwe. Chini ya mtoto wa fulani. Wakati mwingine alisimama kupumua, na hapo ulisikia tu watu wakianguka chini mmoja mmoja, kila mmoja jina lake lilipofika. Alipotaja la mama yetu alilitaja kwa sauti ile ile kama mengine.

Alipomaliza, akina Chitema walikwisha kuleta majembe. Walikuwa na watu kumi na mmoja zizi la sita, na mkubwa wao alisema hakuna kipimo wala Kituo kitakachomfanya aache baba yake aliwe na mmea. Wengi waliitikia. Nilimwona mtu mmoja ameshika shina la Blanketi, tayari kulivuta, na nilijua likitoka hilo yatatoka yote.

"Ngoja," akasema Bibi Loyi. Sauti ilikuwa imekwisha kukauka. "Mwanangu alikufa kwa njaa. Miaka yote hii hakupata cha kushika mkononi. Leo ameshika chakula, mnataka nimng'oe? Mimi wangu simng'oi. Kila mtu na wake."

Hakuna aliyepiga kura. Akina Chitema walikwenda wakang'oa zizi la sita lote, na hakuna aliyewazuia. Jioni walirudi na machela zikiwa nyepesi mno. Hawakupata cha kuzika isipokuwa mizizi iliyoshika maumbo, basi wakaizika mizizi, ikiwa imefungwa sanda, kando ya kanisa. Wengine walikwenda kwenye mazizi yao, wakakaa, wakaondoka mikono mitupu. Macho ya watu yalinijia mimi pia. Nilikwenda zizi la tatu, karibu na mlango, nikapiga magoti. Sikujua la kufanya, kwa hiyo nilifanya ninalolijua, nikachomeka fimbo. Ikasema ishirini na sita. Nikaichomoa nikaenda nyumbani.

6

Dokta Msemwa alikuja na fimbo zao siku ya mwisho ya Aprili. Alipita pembeni mwa lile duara jekundu la zizi la sita bila kuuliza chochote. Jumla ilikuwa thelathini na moja. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika chanzo cha fosforasi, na niliiona kalamu yake ikisimama hapo. Akaandika: samadi ya kale. Nilimwambia si kweli na kwamba sisi tunajua. Akanijibu kwa upole, macho yakiwa kwenye karatasi, kwamba akiandika kweli, vijiji vinavyosubiri zamu vitaulizwa makaburi yao yako wapi, na hawataulizwa kwa adabu. Mabasi hayakuja.

Blanketi lilikauka, likalala chini, likaoza. Desemba tulipanda uwele juu yake. Mvua ilikuwa haba kama kawaida yake, lakini udongo uliishika. Nilipochimba kwa kidole nilikuta mchwa, na nilimtazama mchwa yule kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima. Uwele ulizaa hadi mabua yakainama. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, ndege walikuja kutuibia.

Siku ya kuonja tulikusanyika uani kwa Lameki. Wanawake walisonga ugali wa uwele kwenye sufuria kubwa, mlenda ukiwa pembeni. Akina Chitema walikuja pia. Walikaa karibu na lango, lakini walikuja. Tulifika wote mia tatu na sita, sufuria zikitoa mvuke na mikono yote ikiwa mapajani.

Bibi Loyi ndiye mkubwa, ikawa haki yake kuanza. Bangili ilikuwa imemkaa kwenye kidole kwa kuwa haikuingia mkononi. Alinawa. Alikata tonge, akalifinyanga muda mrefu, akachovya, akala. Alitafuna macho yakiwa wazi, akameza, akakata lingine. Hapo watu wakaanza kula.

Lameki alinisogezea sahani. Aliikata sehemu ya juu, ile laini, akaniwekea upande wangu kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa watoto. Harufu iliingia puani mwangu na tumbo likajibu, nami nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Mimi nimeshiba, kaka. Kuleni ninyi."

Mkono wake ukasimama hewani. Tulitazamana, wazee wawili wenye macho ya mama mmoja. Uongo ule tulikuwa tumeuamini mara moja, vikombe vikiwa mikononi, na wote wawili tulijua uligharimu nini.

Nikanawa. Nikakata tonge, nikala. Nilikuwa nimejiandaa kwa uchungu, kwa vumbi, kwa kitu cha kunikaba. Ugali ulikuwa mtamu. Ulikuwa mtamu kuliko chochote nilichowahi kula, na nililia nikiutafuna, na sikuacha kutafuna. Nilipofika chini ya sahani nilimgeukia kaka yangu, nikaomba niongezewe.